Moshi Una Anwani

Kwenye skrini ya lida, kifaa kinachotuma mwale wa leza angani na kupima mwanga unaorudi, siku nzima ya mji hukaa katika picha moja. Chini zimepangwa saa, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane unaofuata. Pembeni ni kimo, kuanzia juu ya mapaa hadi kilomita 3 angani. Penye chembe nyingi za moshi na vumbi pana rangi nyekundu, penye hewa safi pana buluu. Saa 9 usiku wekundu umelala chini, mkanda mzito usiozidi mita 200, kama moshi wa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Jua likichomoza mkanda unaanza kuumuka. Ikifika saa 8 mchana umepanda hadi mita 1,500, umepauka, umekuwa manjano hafifu. Jua likizama unashuka tena na kukaza.

Ukiikalia picha hiyo kwa utulivu utaona kitu kingine. Kwenye kimo cha mita 400 hivi upo mstari mwembamba mwekundu ulioanza saa 7 usiku na kusafiri peke yake bila kugusa ardhi. Kituo cha kupimia hewa kilichopo chini hakiujui. Kisha, kwenye saa 4 asubuhi, ardhi ikishapata joto na hewa ikaanza kujikoroga, mstari ule unavutwa chini, unatawanyika, na wakati huohuo namba ya kituo inaruka. Anayesoma namba peke yake atasema ni magari ya watu waliokwenda kazini. Magari yana sehemu yake, sikatai. Lakini moshi huu ulitoka kwenye dohani refu wakati watu wamelala, ukangoja juu mpaka jua lilipoushusha kwenye vifua vyao.

Picha za namna hii nimezitazama mara nyingi, na mstari kama ule ndio ulionifanya niandike. Mjadala wa hewa ya mijini umekaa muda mrefu mno kwenye swali moja, la kiasi: ni mikrogramu ngapi katika kila mita ya ujazo? Swali hilo ni la lazima. Shirika la Afya Duniani lilipoteremsha mwaka 2021 kiwango cha chembe ndogo za PM2.5, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa wastani wa mwaka, lilifanya hivyo kwa sababu ushahidi wa madhara ulishaonekana hata kwa watu wanaovuta hewa tuliyokuwa tukiiona nzuri. Kwa viwango hivyo vipya asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyopita kipimo. Ila namba ya kiasi ina udhaifu mmoja mkubwa: haina mwenyewe. Hewa ikiharibika mji mzima, lawama hugawiwa mji mzima, na lawama ya wote haijamlazimisha mtu yeyote kununua chujio. Leza inaleta maswali yenye wenyewe. Moshi huu umetoka wapi? Saa ngapi? Umepita kimo gani, ukielekea kwa nani? Huko ndiko ningetaka fedha za kupimia hewa ziende, na nina hakika ndiko ambako wachafuzi wakubwa wasingependa ziende.

Wazo lenyewe limeitangulia leza. Mwaka 1930 mwanafizikia wa Ireland, E. H. Synge, alipendekeza kuimulika anga ya juu kwa kurunzi kubwa na kupima mwanga unaorudi. Taa za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha wala mwale mwembamba wa kutosha. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960, na kufikia 1963 Giorgio Fiocco na Louis Smullin walikuwa tayari wamechapisha miangwi ya leza waliyoinasa kutoka tabaka zilizo zaidi ya kilomita 60 juu ya ardhi. Miaka mitatu tu.

Lida ni ndugu wa rada, isipokuwa inatuma mwanga mahali ambapo rada inatuma mawimbi ya redio. Pigo la leza linalodumu nanosekunde chache linapaa, na darubini iliyo kando yake inasubiri. Chembe za moshi, vumbi, chumvi, hata molekuli za hewa yenyewe, hutawanya mwanga huo pande zote, na sehemu ndogo sana hurudi ilikotoka. Umbali unapimwa kwa saa. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya mikrosekunde 1 umetoka mita 150, na wa mikrosekunde 10 umetoka kilomita moja na nusu. Muda huo ukikatwa vipande vidogo, mwale mmoja unakuwa sawa na vituo mamia vilivyopangwa angani kila baada ya mita chache, bila mlingoti, bila bomba la kunyonyea hewa, na bila kuomba ruhusa ya kuingia kwenye eneo la mtu. Hilo la ruhusa tutalirudia.

Hapo tumepata chembe. Gesi zinahitaji ujanja zaidi, na ujanja wenyewe naupenda kiasi cha kutaka kuueleza polepole. Kila gesi ina rangi zake za mwanga inazozimeza. Dioksidi ya salfa humeza urujuanimno karibu na nanomita 300 za urefu wa wimbi. Dioksidi ya nitrojeni humeza buluu karibu na nanomita 448. Mvuke wa zebaki, karibu na 254. Sasa unatuma mapigo mawili. La kwanza lina rangi ambayo gesi unayoitafuta inaimeza sana, la pili lina rangi jirani ambayo gesi hiyo inaiacha ipite. Kwa kuwa rangi ni jirani, vumbi na ukungu huzitendea karibu sawa. Leza ikichoka, zote mbili zinadhoofika. Kioo cha darubini kikishika uchafu, zote mbili zinafifia. Kinachobaki kuzitofautisha ni gesi ile tu, na jinsi tofauti inavyokua kadiri mwale unavyosonga mbele inakupa kiasi cha gesi hatua kwa hatua njiani. Richard Schotland ndiye aliyeifungua njia hii miaka ya 1960, akipima mvuke wa maji. Wataalamu huiita DIAL.

Mahali ambapo DIAL imesema ukweli mchungu kuliko pote ni kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Lori linaegeshwa nje ya uzio, upande ambao upepo unatokea baada ya kupita kiwandani. Kioo kilicho juu ya paa lake kinageuka taratibu na kuupitisha mwale juu ya eneo lote, kuanzia usawa wa ardhi hadi juu ya madohani, mstari juu ya mstari, kama fundi anayepaka rangi ukuta usioonekana. Ukijumlisha gesi yote iliyomo kwenye ukuta huo na kuzidisha kwa kasi ya upepo, unapata kilogramu zinazovuka kila saa. Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, NPL, imezungusha lori la namna hii kwa zaidi ya miaka 30.

Kilichojitokeza mara kwa mara kwenye vipimo hivi ni kwamba mvuke unaovuja ni mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye ripoti za viwanda, na kwamba sehemu kubwa haitoki kwenye dohani ambalo kila mpita njia analinyooshea kidole. Inatoka kwenye matangi: mapaa yanayoelea ambayo mipira yake ya pembeni imechakaa, vifuniko visivyokaza, mabomba ya kupakilia meli na malori. Ripoti zilikuwa zimejazwa kwa fomula. Kila vali ilikadiriwa kuvuja kama vali ya wastani, na vali ya wastani haipo duniani; nyingi hazivuji kabisa, chache zinavuja kwa niaba ya zote. Aliyejaza fomula pengine hakudanganya. Alihesabu vali na kuzidisha. Leza haikuhesabu vali, ilitazama hewa iliyokuwa inatoka. Mwaka 2022 Ulaya ilitoa kiwango chake cha kupima uvujaji wa aina hii, EN 17628, na DIAL ni mojawapo ya njia zilizomo. Kwa maoni yangu hatua hiyo ina uzito kuliko ugunduzi wowote mpya wa maabara, kwa sababu kipimo kisicho na kiwango kinachotambulika hakifiki mbali mbele ya hakimu.

Barabarani nako wachache wanawachafulia wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Donald Stedman wa Chuo Kikuu cha Denver aliweka mwale unaokatiza barabara, kwenye kimo cha ekzosi, ili kila gari linalopita lipimwe kwa chini ya sekunde moja. Kifaa chake cha kwanza kilitumia taa ya infraredi na hakikuwa cha leza. Vifaa vya leza vimekuja baadaye, vingine vikining'inizwa juu ya barabara na kutazama chini. Ujanja ni wa uwiano: huhitaji kujua moshi ni mwingi kiasi gani, unalinganisha gesi chafu na kaboni dioksidi iliyotoka pamoja nayo kwenye pumzi ileile, na uwiano huo unakuonyesha injini inaunguaje. Stedman na wenzake walikuta kwamba karibu nusu ya kaboni monoksidi yote ilitoka kwenye chini ya asilimia 10 ya magari. Mji unaoyapiga magari yote marufuku siku fulani za juma unawaadhibu tisa ili kumfikia mmoja ambaye angeweza kuandikiwa barua kwa namba yake ya gari.

Na anayesema ukaguzi wa gereji unatosha akumbuke Septemba 2015. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyotambua gari liko kwenye mtihani, na kwamba barabarani yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Yaligunduliwa na watafiti waliofunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha maelfu ya kilomita, si kwa leza. Mwale unaokatiza barabara una faida hiyohiyo: gari halijui kama linapimwa.

Turudi kwenye ule mkanda mwekundu unaopanda na kushuka, kwa sababu una jambo ambalo wanasiasa wa miji wanapaswa kuulizwa. Hewa iliyo juu ya mji ina mfuniko. Mchana, ardhi yenye joto huikoroga hewa hadi kilomita moja au mbili, na moshi unapata nafasi kubwa ya kutawanyika. Usiku ardhi inapoa, hewa baridi inatulia chini na ya joto inakaa juu yake, na mfuniko unashuka hadi mita mia chache, wakati mwingine chini ya hapo. Moshi uleule uliojaa kwenye mita 1,500 ukibanwa ndani ya mita 200 unakuwa mzito mara 7 na nusu, na hakuna dohani lililoongezwa.

London ililipa gharama ya mfuniko huo kati ya tarehe 5 na 9 Desemba 1952. Baridi ilikuwa kali, watu waliongeza makaa ya mawe kwenye mameko yao, upepo ulikufa, na hewa ya joto ikakaa juu ya bonde la Mto Thames. Mabasi yaliongozwa na watu waliotembea mbele wakiwa na taa mchana. Hesabu ya kwanza ilisema vifo 4,000. Uchunguzi wa baadaye ulipandisha idadi hadi kama 12,000. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. Wakati ule hakukuwa na njia ya kuutazama mfuniko ukishuka. Leo kifaa cha leza cha ukubwa wa jokofu dogo kinauchora kila dakika, usiku na mchana.

Kwa nini wanasiasa waulizwe? Kwa sababu mwaka wenye upepo mzuri na mfuniko wa juu utaleta namba nzuri bila mtu yeyote kufanya kazi, na mwaka wa hewa tulivu utaharibu namba za mji uliojitahidi kwelikweli. Asiyejua kimo cha mfuniko hawezi kutenganisha sera na hali ya hewa. Nimeona ofisi ikijipongeza kwa msimu mmoja wa hewa nzuri, ikiwa na mabango na hotuba, na sikuona popote walipoonyesha kama moshi ulipungua au ulipeperushwa tu kwa jirani. Kwa wakazi wa upande ule wa upepo tofauti hiyo ni kubwa sana. Kama mji una rekodi ya mfuniko ya miaka mitano, swali hilo lina jibu. Bila rekodi hiyo, sifa na lawama zote zinagawiwa gizani.

Sasa niseme yale ambayo wauzaji wa vifaa hivi huyapitia haraka.

Leza haipimi uzito. Kanuni za afya zimeandikwa kwa mikrogramu, na kinachorudi kwenye darubini ni mwanga. Kuutafsiri mwanga kuwa uzito kunahitaji kujua chembe ni za ukubwa gani, za umbo gani, zimetengenezwa na nini, na zimelowa kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Chumvi za salfeti na nitreti hunywa mvuke wa maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 80 chembe zinavimba, na mwanga zinaorudisha unaweza kuwa maradufu, wakati uchafu wenyewe haujaongezeka hata chembe. Alfajiri yenye ukungu inaonekana kwenye skrini kama maafa. Mtu akiichapisha ramani ile jinsi ilivyo, nyekundu kila mahali, atawatisha watu kwa umande.

Lipo pia tatizo la hesabu. Lida ya kawaida inapokea namba moja, nguvu ya mwangwi, na kutokana nayo inatakiwa kupata vitu viwili visivyojulikana: mwanga uliorudishwa na mwanga uliopotea njiani. Hesabu moja, majibu mawili. Mtaalamu analazimika kukisia uwiano kati ya vitu hivyo, na moshi wa kuni, vumbi la jangwani na chumvi ya bahari vina uwiano tofauti kabisa. Lida za Raman zinatoka kwenye mtego huo kwa kusikiliza mwangwi wa nitrojeni ya hewa, gesi ambayo kiasi chake tunakijua: leza ya nanomita 355 inarudishwa na nitrojeni ikiwa imebadilika rangi hadi 387. Ni suluhisho safi, lakini mwangwi huo ni hafifu mno na mchana humezwa na jua. Kwa kutenganisha vumbi na moshi kuna njia rahisi zaidi. Chembe za vumbi zina kona na pembe, za moshi zilizolowa zimeviringana. Kona hugeuza mtetemo wa mwanga, mviringo hauugeuzi. Kifaa kinachopima mgeuko huo kinaweza kukuambia kwamba wekundu wa leo ni mchanga uliosafiri kutoka mbali na si moshi wa mjini. Kwa mkuu wa afya anayejiandaa kufunga viwanda, taarifa hiyo ina thamani kubwa.

Halafu kuna upofu wa karibu. Mwale wa leza na jicho la darubini huhitaji umbali fulani kabla havijakutana vizuri, na kwa vifaa vingi mita 100 za mwanzo, wakati mwingine 300, hazisomeki ipasavyo. Ukikilenga kifaa juu, sehemu isiyosomeka ni ileile ambayo watu wanavuta hewa. Mawingu mazito na mvua nayo hufunga njia kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuambia lida moja itachukua nafasi ya vituo kumi vya chini, mkatalie. Kituo kina mzani. Lida ina macho. Niliwahi kuketi kwenye mkutano ambapo ramani ya rangi ilionyeshwa ukutani kwa dakika kumi, mtaa mmoja ukiwa mwekundu kama kaa la moto, na mwonyeshaji alipoulizwa rangi ile ni mikrogramu ngapi akasema itategemea. Alijibu kweli. Tatizo ni kwamba jibu hilo lilipaswa kuandikwa kwenye ramani kabla ya kuonyeshwa, na mbaya zaidi, karibu na mtaa ule hapakuwa na kituo hata kimoja cha kuithibitisha. Ramani ile ilizua ugomvi kati ya mtaa na kiwanda, na kwa kuwa haikuwa na mzani nyuma yake, kiwanda kilishinda ugomvi kwa urahisi. Hasara ya kipimo kisichoandaliwa ni hiyo: kinamchomea mwenye haki.

Na setilaiti? Zina kazi yake na ninaziheshimu. Kifaa cha TROPOMI, kilichorushwa Oktoba 2017, kinaichora dunia nzima kila siku, lakini alama yake moja ni kilomita 5.5 kwa 3.5, na kinapita karibu saa 7 na nusu mchana, wakati mfuniko uko juu na moshi umetawanyika. Lida ya angani ya CALIPSO, iliyofanya kazi kutoka 2006 hadi 2023, ilikata anga kwa mstari wa upana wa mita 70 na ilirudi kwenye njia ileile baada ya siku 16. Kwa kufuatilia vumbi linalovuka bahari, hakuna mfano. Kwa kumjua anayechoma taka nyuma ya mtaa usiku wa Jumamosi, hazikuundwa kwa hilo.

Ningeulizwa mji uanzie wapi, nisingeanza na ununuzi. Viwanja vya ndege vingi tayari vina leza inayotazama juu, silomita, iliyowekwa ili kuwaambia marubani mawingu yako kimo gani. Kifaa hicho hupokea mwangwi wa hewa yote iliyo chini ya wingu, ikiwa na moshi na vumbi vyake, kisha kwa kawaida hutoa namba moja tu, kimo cha wingu, na mengine yanatupwa. Nchi za Ulaya ziliamua kuacha kuyatupa: mtandao wao wa E-PROFILE unakusanya miangwi ya mamia ya silomita na kuiweka pamoja. Silomita haifikii lida kubwa kwa usahihi na haipimi gesi, lakini mfuniko inauona, na mkanda unaoumuka na kukaza inauona. Kinachohitajika ni ofisi mbili kuzungumza, ya hali ya hewa na ya mazingira, na diski ya kuhifadhia. Rekodi ya miaka mitano niliyoitaja juu ingeweza kuanza leo.

Hatua inayofuata ni lida moja inayozunguka, iliyowekwa kwenye paa refu, ikilenga mwale wake ulalo juu ya mapaa mengine badala ya kuutuma mbinguni. Ikifagia pande zote inachora duara la kilomita tatu au tano, na upofu wa karibu unabaki kwenye mita mia chache zinazolizunguka jengo lenyewe tu. Vituo vya chini vilivyomo ndani ya duara hilo vinakuwa mizani ya kuisahihisha kila siku. Duara likionyesha doa jekundu linalorudi mahali palepale, lori la DIAL au hata mkaguzi mwenye kipimo cha mkononi anajua pa kwenda. Miji ya China imetumia lida za kufagia kwa namna hii kuwaelekeza wakaguzi, na mantiki yake ni ya kawaida kabisa: wakaguzi ni wachache, mji ni mkubwa, na mtu mmoja hawezi kugonga kila mlango.

Watu huuliza kuhusu macho yao, na wana haki. Lida nzuri za mijini hutumia mwale uliotanuliwa na nguvu iliyopunguzwa, au rangi zisizofika nyuma ya jicho, ili zikidhi daraja la kwanza la usalama katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1. Mji unaponunua, daraja hilo liandikwe kwenye mkataba.

Lililo gumu zaidi ni lile la ruhusa. Kwa karne nzima udhibiti wa moshi umetegemea mlango: mkaguzi anafika, anasubiri getini, anapokelewa, anapewa kofia, anaongozwa. Mwale unavuka uzio. Hewa iliyo juu ya kiwanda haikai juu ya kiwanda. Baada ya dakika chache iko kwenye darasa la shule jirani, na sioni hoja ya maana inayoweza kusema kwamba anayeivuta hana haki ya kujua ilikuwa nini ilipokuwa bado upande wa pili wa ukuta. Kiwanda kina haki zake pia, na kubwa kuliko zote ni haki ya kuona data ghafi, kujua kifaa kilisahihishwa lini, na kuleta mtaalamu wake aipinge. Data ikiwa wazi kwa wote wawili, mtaa na kiwanda, ugomvi utahusu upepo na makosa ya kipimo, na huo ni ugomvi unaoweza kumalizwa. Ikifungiwa ofisini, hata kipimo sahihi kitageuka kuwa kitu cha kubembelezea au kutishia.

Naomba jambo moja litangulie mengine: vipimo vifanyike usiku. Mchana jua linaingia kwenye darubini na kuufunika mwangwi. Usiku anga ni nyeusi, na lida inaona mbali zaidi na kwa uwazi zaidi kuliko saa yoyote ya kazi. Usiku ndipo mfuniko uko chini. Usiku ndipo moshi hauonekani kwa macho, wala mtu hapigi simu kulalamika. Na wakaguzi wengi wako nyumbani. Mstari ule wa mita 400 ulianza saa 7 usiku. Mtu akiwa mbele ya skrini saa hiyo, akakigeuza kioo taratibu kuufuata mstari ukiwa bado haujakatika, dhidi ya upepo, nyuzi moja baada ya nyingine, utamfikisha kwenye mdomo wa dohani lake.